Maktaba ya Nyimbo Inapokuwa Nzito Baada ya Kusasishwa: Maelezo kwa Watafiti Waendao Busia na Tororo

Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi wanaokwenda kukusanya nyimbo mpakani, Busia na Tororo, hurudi na malalamiko ya aina nyingi. Ya barabara na vumbi hatuna dawa yake. Lakini liko moja linalojirudia kila muhula, na dawa yake ipo: programu ya kompyuta wanayotumia kuhifadhi, kupanga na kusikiliza nyimbo ilikuwa ikifanya kazi vizuri, ikasasishwa, na tangu siku hiyo imekuwa nzito kama trekta la miwa linalopanda mlima. Mtu anabofya jina la wimbo, dirisha linapauka, kishale kinageuka kuwa duara linalozunguka, na chai inapoa kabla sauti haijatoka.

Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hili hutokea na namna ya kutafuta chanzo chake bila kupoteza kazi. Hilo la kutopoteza kazi ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wengi wakiona uzito huo huamua haraka kufuta programu pamoja na kila kilichomo, kisha kuiweka upya. Kwa mtu mwenye nyimbo za kununua, hasara yake ni ndogo, atazipata tena. Kwa mtafiti aliyerekodi wazee wa Wasamia, Iteso au Jopadhola, hasara hiyo yaweza kuwa ya kudumu, na sababu yake haionekani kwa macho.

Vitu viwili, si kimoja

Maktaba ya nyimbo ndani ya kompyuta ni vitu viwili vinavyoonekana kama kimoja. Kuna faili za sauti zenyewe, zilizokaa katika folda fulani ya diski. Kisha kuna daftari ambamo programu imeandika habari za kila faili: iko wapi, inaitwaje, nani ameimba, ni ya dakika ngapi, iliingizwa lini, imesikilizwa mara ngapi na imo katika orodha zipi. Wataalamu huliita daftari hilo hifadhidata. Waliosoma miaka ya nyuma watakumbuka makabati ya kadi yaliyokuwa karibu na mlango wa maktaba ya chuo. Vitabu vilikuwa rafuni, kadi zilikuwa katika visanduku, na aliyetaka kitabu alianza na kadi. Hapa ni vivyo hivyo. Unapotazama orodha ya nyimbo kwenye skrini huzioni nyimbo, unaona kadi.

Programu inaposasishwa, watengenezaji wake mara nyingi hubadili umbo la kadi. Kadi iliyokuwa na mistari kumi sasa ina kumi na minne. Basi programu haina budi kuzipitia kadi zote, moja baada ya nyingine, na kuziandika upya. Isitoshe, toleo jipya huja na kazi mpya ambazo haziwezi kufanywa kwa kusoma kadi tu. Lazima faili yenyewe ifunguliwe na kuchunguzwa. Mfano mzuri ni iTunes 7 iliyotoka Septemba 2006. Toleo hilo lilileta uwezo wa kucheza nyimbo mfululizo bila pengo la kimya kati yake, na ili kufanya hivyo lilihitaji kuchunguza kila wimbo uliokuwamo kujua sauti inaanzia wapi na kuishia wapi. Lilileta pia utaratibu wa kuonyesha picha za majalada ya albamu. Mtu mwenye nyimbo elfu kadhaa angeweza kudhani kompyuta imeugua, kumbe programu iko kazini. Programu nyingine hupima kiwango cha sauti ya kila wimbo ili zote zisikike sawasawa. Nyingine hutafuta picha na historia za waimbaji katika intaneti, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu mpakani ndilo lenye kuleta vituko zaidi.

Tupige hesabu ndogo. Mtu ana nyimbo 8,000, na kila moja inahitaji sekunde 2 za kuchunguzwa. Hizo ni sekunde 16,000, yaani saa 4 na dakika 26. Kwa kompyuta ya zamani yenye diski ya kuzunguka, na kwa faili ndefu za nyanjani, sekunde 2 ni makadirio ya huruma.

Saa 4 si kitu mahali penye umeme usiokatika. Lakini mwanafunzi anayechaji kompyuta yake kwenye kibanda cha mtu, akaichomoa anapoondoka, au anayetegemea betri iliyochoka, huikatiza kazi hiyo katikati. Baadhi ya programu hukumbuka zilipofika. Nyingine huanza tena na kadi ya kwanza kila zinapofunguliwa, na hapo mtu ataona uzito wiki nzima, kumbe kila siku ni kazi ile ile ya saa ya kwanza inayorudiwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutofanya kitu. Tafuta umeme wa uhakika, zima mpangilio unaoifanya kompyuta ilale yenyewe, fungua programu, kisha ulale wewe. Ikiwa asubuhi imekuwa nyepesi, hapakuwa na ugonjwa.

(Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama neno kusasisha, ambalo limetokana na sasa, linaifaa programu inayorudi nyuma namna hiyo. Nilimwambia neno halina kosa. Wanaopenda kujua maneno haya yalivyoingia katika matumizi wanaweza kutazama kazi ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Pale walimu wa lugha walikaa na mafundi wa kompyuta kujadili istilahi moja moja. Kuhusu kama tuseme kompyuta au tarakilishi, vitabu vya Kenya na vya Tanzania havijaafikiana, nami sitaingilia.)

Kuiangalia inafanya nini

Ikiwa usiku mzima haukusaidia, usikisie. Kompyuta yenyewe hueleza inashughulika na nini. Katika Windows, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloorodhesha programu zinazoendeshwa na kiasi ambacho kila moja inatumia cha prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao. Katika Mac, kazi hiyo hufanywa na Activity Monitor.

Soma safu hizo kama unavyosoma dalili za mgonjwa. Prosesa ikiwa juu, programu inachambua sauti. Mara nyingi hiyo ni kazi yenye mwisho, iache imalize. Diski ikiwa juu huku prosesa ikiwa chini, kuna usomaji au uandikaji mwingi wa faili, na yafaa kutazama ni programu gani inayousababisha, maana huenda isiwe hii ya nyimbo. Kumbukumbu ikiwa imejaa, kompyuta inatumia diski badala yake, na kila kitu kitakuwa kizito, si nyimbo peke yake. Funga kivinjari kilichofunguliwa kurasa thelathini kisha ujaribu tena. Ikiwa vyote viko chini na bado dirisha limeganda, programu haifanyi kazi. Inasubiri.

Simu yenye minara miwili

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Mpaka unapita katikati, na mawimbi ya simu hayaulizi pasipoti. Simu iliyo upande wa Kenya hunasa mnara wa Uganda, na iliyo upande wa Uganda hunasa wa Kenya, hasa mtu akiwa karibu na kivuko. Hali ni hiyo hiyo Malaba, ambapo upande mmoja ni wilaya ya Tororo na wa pili ni kaunti ya Busia. Watafiti wengi huipatia kompyuta intaneti kwa simu hiyo hiyo. Kila simu inapohama mnara, mawasiliano hukatika kidogo.

Sasa fikiria programu iliyosasishwa jana, ambayo imejifunza kutafuta picha ya kila mwimbaji. Inaomba picha ya kwanza. Mawasiliano yanakatika. Programu haijui yamekatika. Inangoja jibu, pengine nusu dakika, ndipo ikate tamaa na kuomba ya pili. Nazo rekodi zetu ni za wapigaji akogo wa Kiteso, wapigaji tongoli wa Jopadhola na akina mama wa Kisamia wanaoimba harusini. Picha zao hazimo katika hazina yoyote ya kibiashara. Programu itaomba picha mia tatu, na mara mia tatu haitapata.

Jaribio lake ni jepesi. Kata intaneti kabisa, funga programu, ifungue upya. Ikikimbia, chanzo kimepatikana. Ingia katika mipangilio ya programu uzime utafutaji wa picha na maelezo ya mtandaoni. Katika simu, chagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague yenyewe. Utaokoa na bando pia.

Tahajia nayo ina mzigo wake

Hapa mwalimu wa lugha anaweza kusaidia kuliko fundi. Katika mikusanyo ya wanafunzi niliyoipitia, jamii moja imeandikwa Teso, Iteso, Ateso, Kiteso na Wateso, kila moja kama kundi lake. Wenyewe husema Iteso kwa watu na Ateso kwa lugha. Jopadhola ni watu, Dhopadhola ni lugha, Padhola ni nchi yao. Na bado utakuta kadi iliyoandikwa Badama, jina walilopewa na wengine na ambalo vitabu vya zamani vya Uganda vililitumia. Kwa Wasamia kuna Samia, Abasamia, Lusamia na Kisamia. Programu haina elimu ya ngeli. Kwake kila tahajia ni kitu kipya chenye kadi yake na, kama utafutaji wa mtandaoni uko wazi, chenye ombi lake.

Lililo gumu zaidi kuliona ni alama ya ng'. Kibodi ya kawaida huandika kialama kilichonyooka: ng'ombe. Programu za kuandikia barua hukipinda zenyewe: ng’ombe. Ipo na alama ya tatu, inayofanana na ya pili, ambayo wanaisimu huitumia katika maandishi ya fonetiki. Kwa msomaji ni neno moja. Kwa kompyuta ni maneno tofauti, na mwimbaji mmoja anakuwa watu wawili au watatu. Matoleo hutofautiana katika kulishughulikia jambo hili. Lile la zamani huenda liliziunganisha alama hizo kimyakimya, jipya likazitenganisha. Ndiyo maana baada ya kusasisha mtu anaweza kuona orodha ya waimbaji imerefuka bila yeye kuongeza wimbo hata mmoja.

Tahajia peke yake haiangushi programu. Ila maktaba yenye waimbaji sitini iliyoandikwa kana kwamba ina mia na themanini hufanya kazi mara tatu. Kubalianeni kabla ya kwenda nyanjani: jina moja kwa kila jamii, kialama kilichonyooka peke yake, na kwa lugha tumieni vifupisho vya kimataifa vya herufi tatu, yaani teo kwa Ateso, adh kwa Dhopadhola, lsm kwa Lusamia na swa kwa Kiswahili. Nyimbo za mpakani huchanganya lugha, na hilo ndilo linalozifanya zitufae sisi wa Kiswahili. Basi wimbo wenye Ateso na Kiswahili upewe vifupisho viwili, wala usilazimishwe kuchagua.

Kabla ya kugusa chochote

Yaliyotajwa hadi hapa hayahatarishi kitu. Yanayofuata yanahusu kuhamisha faili na kujenga daftari upya, kwa hiyo simama kidogo.

Je, maelezo yako yamehifadhiwa wapi? Kwa faili za MP3, jina la wimbo, mwimbaji na albamu kwa kawaida huandikwa ndani ya faili yenyewe. Daftari likipotea, programu itayasoma tena kutoka humo. Lakini orodha ulizopanga, tarehe ulizoingiza nyimbo na idadi ya mara ulizosikiliza zimo katika daftari. Kwa faili za WAV hali ni mbaya zaidi. Vinasa sauti vya nyanjani hurekodi kwa WAV, nasi ndivyo tunavyowaagiza wanafunzi kwa sababu sauti haipunguzwi. Saa moja ya WAV ya kiwango cha hezi 48,000 na biti 24, yenye njia mbili, huchukua takriban gigabaiti 1. Sasa, programu nyingi, iTunes ikiwa mojawapo, huweka maelezo ya faili za WAV katika daftari peke yake. Umeandika jina la mwimbaji, kijiji, sherehe na maana ya mafumbo. Yote yanaonekana kwenye skrini. Na hakuna hata neno moja lililoingia ndani ya faili ya sauti. Ukifuta daftari unabaki na mamia ya faili zinazoitwa kwa nambari.

Mwanafunzi mmoja alinijia akiwa ameshaamua kufuta. Alikuwa na rekodi zaidi ya mia mbili kutoka pande zote mbili za mpaka. Nilimuuliza maelezo yake yako wapi. Akasema yamo ndani ya nyimbo. Tulinakili faili moja katika kompyuta nyingine na kuifungua: ilikuwa nambari tupu. Miongoni mwa rekodi hizo ulikuwamo wimbo wa matanga ambao bibi aliyeuimba alimfafanulia mstari kwa mstari, mafumbo ya koo na yote, na bibi huyo alikuwa amekwisha kufariki. Ufafanuzi wake ulikuwa katika daftari lile lililokaribia kufutwa, na hapakuwa na nakala nyingine popote. Pia ruhusa za waimbaji, nani amekubali wimbo wake usikilizwe darasani na nani amekataa, zilikuwa humo humo. Tulitoa maelezo yote kwanza. Kuitengeneza programu kulisubiri.

Wanaoufahamu mkusanyo wa Klaus Wachsmann wataelewa uzito wa jambo hili. Wachsmann alikuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, akarekodi muziki wa sehemu nyingi za nchi hiyo. Rekodi zake zimehifadhiwa British Library mjini London, na nakala zimerudishwa Makerere. Hugh Tracey, aliyeanzisha International Library of African Music mwaka 1954, naye alirekodi Uganda na Kenya. Karibu na wakati wetu, Ketebul Music ya Nairobi wameshirikiana na wakfu wa Abubilla katika mradi wa Singing Wells, wakirekodi muziki wa asili wa Afrika Mashariki. Kinachomwezesha mtu kuutumia wimbo uliorekodiwa miaka sabini iliyopita ni yale yaliyoandikwa kuuhusu: nani, wapi, lini, kwa lugha gani, katika shughuli gani.

Basi fanya hivi. Funga programu. Nakili folda nzima ya nyimbo pamoja na folda ya daftari katika diski ya nje, na nakala ya pili iache mahali pengine, si katika begi hilo hilo. Iagize programu itoe orodha yake yote kama faili ya maandishi. Karibu zote zina amri hiyo. Ifungue uhakikishe inasomeka. Kisha, kwa siku zijazo, tengeneza nakala za FLAC kutokana na WAV zako. FLAC haipunguzi ubora wa sauti, huchukua nafasi ndogo kuliko WAV, na hubeba maelezo ndani yake. Faili zenyewe zipe majina yanayojieleza, kwa mfano tarehe, mahali, lugha na nambari, ili hata programu zote zikifa jina libaki.

Folda zisizokuwapo

Sasa tunaweza kuigusa. Anza na folda ambazo programu imeamriwa kuziangalia. Programu nyingi huwa na orodha ya folda zinazokaguliwa kila zinapofunguliwa ili kuona kama kuna wimbo mpya. Ikiwa mojawapo iko katika flashi iliyobaki Tororo, programu itaitafuta na kungoja. Ikiwa diski ya nje ilikuwa na herufi E na leo Windows imeipa F, kwa programu nyimbo zote zimetoweka, nayo itazitafuta moja moja. Rudisha herufi ya awali katika mipangilio ya diski, na matatizo yote yaweza kwisha papo hapo. Ondoa pia folda zisizohusika. Nimeona maktaba iliyoamriwa kuangalia diski nzima, pamoja na mafaili ya kazi za miaka mitatu.

Yule mwanafunzi wa rekodi mia mbili tatizo lake lilikuwa hili hili: folda mbili za flashi ambayo alikuwa ameirudisha kwa mwenyewe. Kuziondoa kulichukua dakika moja.

Jambo jingine ni programu ya kukinga virusi. Baada ya kusasishwa, programu ya nyimbo ni mgeni machoni pa mlinzi, na kila faili anayoifungua mgeni hukaguliwa. Wako wanaoshauri kuzima ulinzi kabisa. Mimi siafiki, hasa kwa watu wanaopokea nyimbo kwa flashi kutoka vibanda vya kunakili nyimbo. Iruhusu programu ya nyimbo peke yake na uache ulinzi uendelee.

Hizo nyimbo za vibandani nazo zina lake. Nyingi zimepachikwa picha kubwa ndani ya faili, na jina la aliyezisambaza limeandikwa mahali pa mwimbaji. Picha ya megabaiti 1 katika kila wimbo kati ya 8,000 ni takriban gigabaiti 8 za picha ambazo toleo jipya litataka kuzisoma na kutengeneza vijipicha vyake. Zitenganishe na rekodi za utafiti. Hazina sababu ya kukaa maktaba moja.

Kukata nusu kwa nusu

Ikiwa programu huganda mahali pale pale kila mara, huenda faili moja imeharibika, pengine kwa sababu kinasa sauti kilizimika kabla ya kumaliza kuandika. Kuipata kati ya faili 8,000 kunatisha, lakini ni hatua 13 tu. Fungua maktaba mpya iliyo tupu. Katika iTunes ya Windows shikilia kitufe cha Shift unapoifungua, na katika Mac shikilia Option. Kwanza tazama kama hiyo tupu ni nyepesi. Ikiwa nzito hata bila wimbo mmoja, tatizo si nyimbo; ni programu, au kiambatisho cha zamani kisichopatana na toleo jipya, nawe uondoe viambatisho vyote na kuvirudisha kimoja kimoja. Ikiwa nyepesi, ingiza nusu ya nyimbo. Zikikubali, mbaya imo katika nusu ya pili. Igawe hiyo tena: 4,000, 2,000, 1,000, hivyo hivyo hadi moja. Ni mbinu ile ile tunayotumia darasani kutafuta kosa katika sentensi ndefu ya mwanafunzi, kwa kuifunika vishazi kimoja baada ya kingine.

Kama kila faili ni nzima na bado maktaba ya zamani ni nzito, daftari lenyewe limechafuka. Baadhi ya programu, kama MediaMonkey, zina amri ya kulikarabati. Lihitaji hilo likiwa na nafasi: ukarabati hutengeneza nakala ya muda, na diski iliyojaa pomoni itaukwamisha. Ikishindikana, jenga daftari jipya kutokana na FLAC zako zenye maelezo. Wakati huo halitakuwa jambo la kuogofya.

Kurudi toleo la zamani kunawezekana, ila kuna mtego: daftari lililokwisha kubadilishwa na toleo jipya mara nyingi halisomeki na la zamani. Utahitaji daftari la kabla ya kusasisha. iTunes huweka nakala zake katika folda iitwayo Previous iTunes Libraries. Programu nyingine haziweki, na nakala yako ya diski ya nje ndiyo itakayotumika. Kumbuka kwamba chochote ulichoandika baada ya kusasisha hakimo katika nakala hiyo.

Kwa kundi linaloondoka muhula ujao: programu ya nyimbo isasishwe angalau wiki mbili kabla ya safari, ikiwa hapa chuoni penye umeme, kisha kusasisha kwake kiotomatiki kuzimwe hadi mtakaporudi. Hili ni kwa programu ya nyimbo peke yake. Masasisho ya usalama ya mfumo wa kompyuta msiyazime. Na wenye kompyuta za Windows 10, ambayo muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, wazilete ofisini tuzitazame kabla hamjavuka Malaba. Fomu za ruhusa za waimbaji zimechapishwa kwa Kiswahili, Ateso, Dhopadhola na Lusamia. Chukueni za kutosha, na zijazwe kwa wino.